Waliowahishwa

Chura hakukimbia, na hilo ndilo lililomtia Nyemo wasiwasi.

Alikuwa ameinama juu ya hodhi kuukuu nyuma ya Kituo cha Viluwiluwi, hodhi ambalo halikutumika tangu ukingo wake upasuke, na kivuli chake kilikuwa kimemfunika yule mnyama mzima mzima. Chura wa kituoni akifunikwa na kivuli hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama ataruka ovyo ajigonge ukutani mpaka mdomo utoe damu, ama atakauka pale pale kama kipande cha udongo, moyo ukimdunda chini ya ngozi. Huyu alipepesa macho tu. Kisha akasogeza mguu mmoja, akakaa vizuri zaidi. Nyemo alipomwokota, alimjaa kiganja chote.

"Wewe umetoka wapi?" alimuuliza kwa sauti, kwa kuwa alikuwa peke yake na hapakuwa na wa kumcheka.

Jibu alikuwa nalo mwenyewe, ila lilichelewa kumfikia. Wakati wa ile mvua ya ajabu, mvua iliyowatoa watu wa Chilanga nje na masufuria, ndoo na hata viatu vya kukingia, Mzee Mbeleje mtunza mahodhi alikuja kumwambia kwamba viluwiluwi wa kulinganishia wamezidi nafasi. Utaratibu ulitaka wauawe. Nyemo hakuwahi kuizoea sehemu hiyo ya kazi yake, akamwambia mzee awamwage kwenye hodhi bovu lililojaa mvua, wajue wenyewe. Halafu akasahau. Leo alikuwa amekuja kutafuta kipande cha bomba, na hodhi lilikuwa limejaa vyura wanene, watulivu, wanaomtazama kama wenye nyumba wanavyomtazama mgeni asiyepiga hodi.

Walikuwa ndugu wa wale wa ndani. Mama yao alikuwa mmoja, na siku yao ya kuanguliwa ilikuwa moja. Kilichowatenganisha ni kwamba hawa walikulia kwenye maji ya mvua. Nyemo akamrudisha chura taratibu, akaingia ndani kuchukua vijiti vya kupimia.

Watu wa Chilanga hawakuwa na haja na vyura. Walichokuwa nacho ni Joto Kuu. Lilikuja kila mwaka kabla ya mvua, likakaa miezi, na likiwa limekaa, mwanamke mwenye mimba kubwa hakuweza kuupoza mwili wake na wa mtoto kwa pamoja. Vyumba vya baridi vilikuwepo, vichache, na umeme wake ulikatika kila ulipohitajika zaidi. Kwa miaka mingi mji ulizika wanawake wakiwa na watoto wao tumboni, mpaka wachimba makaburi wakazoea kuuliza kama marehemu ana mimba kabla ya kupima kaburi.

Ndipo mtu fulani akamkumbuka kiluwiluwi. Kidimbwi kinapoanza kukauka, kiluwiluwi hasubiri kukaukiwa. Ubongo wake huihisi shida, mwili unamwaga homoni ya msongo, na homoni hiyo inaisukuma ile ya tezi ya shingoni ifanye kazi mara mbili. Mkia unaliwa na mwili wenyewe, miguu inachomoza, mapafu yanafunguka, na mnyama anatoka majini kabla ya wakati wake, mdogo lakini hai. Ila lazima awe amefikia hatua. Akipewa homoni hiyo mapema mno, hawahi popote. Anadumaa tu, anabaki kiluwiluwi kibovu mpaka afe. Mtoto wa binadamu naye ana hatua yake. Wangetengeneza sindano inayoigiza hofu ya kidimbwi, wakamchoma mama siku inayofaa, mapafu ya mtoto yangekomaa kwa haraka, naye angezaliwa kabla Joto Kuu halijafika. Waliiita sindano ya kuwahisha, na makaburi ya watu wawili wawili yakapungua hadi yakawa habari ya kusimuliwa.

Kabla ya kuiruhusu, walilinganisha. Vyura waliowahishwa waliwekwa upande huu na wasiowahishwa upande ule, wakaangaliwa mpaka walipozeeka. Hakukuonekana tofauti. Wote walikuwa wadogo, wote walikuwa waoga, na wataalamu wakaafikiana kwamba chura wa aina hii ni mwoga kwa asili yake. Nyemo aliipokea kauli hiyo chuoni kama alivyopokea jina lake.

Alichovya kijiti kwenye hodhi la waliowahishwa. Kikageuka zambarau, rangi ya homoni ya msongo, kama kilivyopaswa. Akachovya kingine kwenye hodhi la wa kulinganishia, ambacho kilipaswa kubaki cheupe. Nacho kikageuka zambarau.

Akajaribu hodhi la pili, na la tatu. Hakuna aliyewahi kuyapima maji haya, maana nani anapima usafi wa maji aliyoyachuja mwenyewe? Alikuwa bado ameshika ukingo wa hodhi aliposikia kandambili za Mzee Mbeleje zikiburuzika mlangoni, na mzee akaingia na ndoo mbili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Mbona umelikumbatia hodhi hivyo, unaumwa?"

"Hayo maji umeyatoa wapi?"

"Haya?" Mzee alizitazama ndoo zake. "Kule kwa waliowahishwa. Yameshapita kwenye chujio, masafi kabisa. Hata mimi nakunywa."

"Siku zote mnafanya hivyo?"

"Tangu nimeajiriwa, na aliyenifundisha alinifundisha hivyo hivyo. Kwani nyinyi nyumbani kwenu mnamwaga?"

Nyumbani kwa kina Nyemo nako hawakumwaga. Hakuna aliyemwaga maji Chilanga. Maji ya kuoshea mchele yalioshea vyombo, ya vyombo yalideki sakafu, ya sakafu yalikwenda kwenye mchicha. Mtoto aliyemwaga kikombe alichapwa hata na jirani. Waliobuni sindano walikuwa watoto wa mji huu huu, na ilipofika zamu ya kujaza mahodhi ya kulinganishia, kuyatupa maji mazima yaliyotoka hodhi la jirani kusingewapitia akilini, kama kusivyowapitia kutupa mkate. Chujio lilizuia uchafu na vijidudu. Homoni lilikuwa haliioni. Kiluwiluwi mwenye hofu huitoa hofu yake majini kama mtu atoavyo jasho, na kwa miaka yote hiyo wale waliotakiwa kuwa watulivu walikuwa wakiogeshwa hofu ya wenzao, ndoo baada ya ndoo.

"Yaweke chini, mzee," alisema. "Usimimine."

"Nitayapeleka wapi?"



*

Sechelela, mdogo wake Nyemo, alikuwa anaondoa mawe kwenye choroko chini ya paa la uani, tumbo la miezi sita limeshaanza kumzuia kuufikia ungo. Siku yake ya sindano ilikuwa Alhamisi. Alimwona Nyemo langoni akaanza kucheka kabla hata ya salamu.

"Dada, hujachana nywele au ndiyo mtindo mpya wa wanasayansi?"

"Niache. Hujambo wewe? Na huyo wa ndani?"

"Sijambo. Huyu ndiye mwenye mambo, anapiga teke kama anadai kodi. Kaa basi, nikuletee uji."

Nyemo alikaa. Alikuja na maneno yote yamepangwa kichwani, na sasa hakulipata hata la kwanza. Pembeni ya Sechelela alikaa jirani, Mama Chiwanga, akisuka ukili, na miguuni pake kwenye kigoda alikaa Chiwanga mwenyewe, mtoto wa miaka mitano, mmoja wa waliowahishwa. Alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, mgongo umenyooka. Hakuwa anachezea kitu chochote.

"Amkia mama mkubwa," mama yake alimwambia.

"Shikamoo," mtoto alisema bila kuinua uso.

"Marahaba, baba. Hujambo?"

Hakujibu. Mama yake alitabasamu kwa fahari. "Huyu hana maneno. Watoto wa siku hizi wana adabu, asikwambie mtu. Sisi tuliwatoa roho mama zetu, lakini huyu nikimweka hapa asubuhi, jioni namkuta hapa. Hapandi mti, hapigani, hajawahi kunivunjia hata kikombe."

Sechelela alinyanyuka kufuata uji, kiwiko chake kikagonga sufuria la bati lililokuwa ukingoni mwa meza. Likaanguka sementini kwa kishindo. Mama Chiwanga alishtuka, akacheka. Nyemo alishtuka. Chiwanga hakutikisika hata kidogo. Alikauka pale alipo, macho yamemtoka, na kwenye shingo yake nyembamba Nyemo aliuona mshipa unavyokimbia. Kisha mkojo ukaanza kuchuruzika kwenye mguu wa kigoda.

"Loo, hilo tu ndilo tatizo lake," mama yake alisema, akimnyanyua. "Atakua, litaisha."

Nyemo alimtazama mtoto akibebwa, mwili wake umekakamaa mikononi mwa mama kama ubao, na alitamani kulia. Kila mtu wa mji huu alikuwa amemwona mtoto wa namna hii. Walimu waliwasifu, na ibadani walipangwa mbele kwa sababu hawakusumbua. Yeye mwenyewe aliwahi kusema, mwaka jana tu, kwamba kizazi hiki kitakuwa na nidhamu kuliko vyote.

"Dada, uji unapoa," Sechelela alisema. "Una nini lakini leo?"

"Nimechoka tu," Nyemo alijibu, akanywa uji ambao hakuusikia ladha.

*

Mkurugenzi wa kituo, Mama Chilongani, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, anayejipepea kwa kipande cha boksi kwa sababu feni za ofisini zilizimwa ili vyumba vya baridi vya hospitali vipate umeme.

"Umehakikisha?"

"Nimepima mpaka vijiti vimeisha, Mama. Na vyura wa mvua wapo, njoo uwaone. Unaweza kuwashika."

"Sina haja ya kuwaona." Aliweka boksi chini. "Mwanangu wa kwanza, Nhonya, nilimzika na mimba ya miezi minane. Sindano ilikuja mwaka uliofuata. Mdogo wake akachomwa, akajifungua salama, na yule mjukuu mpaka leo analala chini ya kitanda. Tukimtoa, anarudi. Unafikiri mimi sijui kwamba watoto hawa wana kitu? Sikujua kinatoka wapi. Sasa umeniambia."

"Basi tuwaambie watu."

"Tuwaambie nini?"

"Ukweli. Kwamba mtoto aliyewahishwa, hofu yake haijui kuzima. Wachague wenyewe."

"Kati ya nini na nini, Nyemo? Joto Kuu liko mlangoni. Asiyechomwa atazikwa. Huo ni uchaguzi?" Hakuipandisha sauti, na hilo lilimuumiza Nyemo zaidi kuliko kufokewa. "Haya, tuseme tunawaambia. Kliniki imejaa wanawake wa miezi minne, miezi mitano, wamekuja kupimwa tu. Unasimama mbele yao unawaambia kwamba watazaa watoto wasiojua utulivu, au watakufa. Mtaalamu ni wewe. Damu ya mwanamke huyo itafanya nini?"





"Itajaa homoni ya msongo."

"Na mtoto wake hajafika hatua."

"Hajafika."

"Atawahi?"

"Atadumaa," Nyemo alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Basi utakuwa umewachoma wote bila sindano, tena kabla ya siku yao. Mji mzima, kwa mdomo mmoja." Mama Chilongani alilichukua tena boksi lake. "Mimi sikukatazi kwa ubaya, mwanangu. Nakuomba usiwe wewe ndiye utakayefanya hivyo."

Nyemo alitafuta pa kulishika neno hilo alivunje, asipaone. Kwa mizani yoyote aliyofundishwa, mama alikuwa sahihi. Alikuwa amefika mlangoni alipogeuka.

"Na wale ambao wameshazaliwa? Tunawasifia kwa kukaa kimya, Mama. Tunadhani wametulia. Tungejua kwamba wanaogopa, labda tungewalea vingine."

"Wangepona?"

"Sijui. Hatujawahi kujaribu, kwa sababu hatukuwahi kujua kwamba wanaumwa."

Mama Chilongani alifumba macho.

*

Alhamisi asubuhi Nyemo alimsindikiza mdogo wake kliniki, na alikuwa ameshaamua kunyamaza. Alijiambia kwamba Sechelela atachomwa, atajifungua, ataishi, na ukweli utamsubiri huko mbele ambako hautamdhuru mtu. Aliusema uamuzi huo moyoni njia nzima, kama mtu anayebeba maji kichwani akiogopa kuyumba.

Ukumbini mabenchi yalikuwa yamejaa. Muuguzi aliwaingiza kwenye chumba kidogo, akamlaza Sechelela kitandani, akampima, akasema mtoto amefika hatua. Kisha akatoka kuchukua dawa kwenye jokofu.

Sechelela aliutazama mlango ukifungwa.

"Sasa sema," alisema.

"Niseme nini?"

"Dada, tangu juzi unaniangalia kama umekuja msibani. Unajua kitu kuhusu sindano hii."

"Seche, tulia. Ukiwa na hofu, unamuumiza mtoto."

"Nitaachaje kuwa na hofu? Silali. Kila nikifumba macho nauona uso wako." Alimshika mkono, akauweka kifuani pake, na moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kama wa chura wa kituoni. "Unaona? Ulidhani kwa kuninyamazia umenipunguzia? Sema, niogope kitu ninachokijua."

Uamuzi wote wa njiani ukamwishia Nyemo pale pale. Alimweleza. Alimweleza habari ya maji, na ya vyura wa mvua, na ya Chiwanga, kwa haraka na vibaya, akirudi nyuma kila mara kusahihisha. Sechelela alisikiliza akitazama dari.

"Nikikataa?"

"Joto litakukuta ukiwa na miezi minane."

"Nitakufa?"

"Wengi hufa. Si wote."

"Na nikikubali, atakuwa kama Chiwanga."

"Huenda. Sijui kama kuna namna ya kumsaidia. Sijui kabisa, mdogo wangu."

Sechelela alilia, kwa sauti, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilia utotoni, na Nyemo akalia naye akiwa ameinamia ukingo wa kitanda. Alijua kila chozi lilikuwa linafanya nini ndani ya damu ile. Hakumwambia anyamaze.

"Nataka kuishi," Sechelela alisema baadaye. "Usinione mbaya."

"Sikuoni mbaya."

"Nataka kumwona. Nitamfunga kifuani mwaka mzima kama itabidi. Atajua angalau mtu mmoja ambaye hana haja ya kumwogopa."

Muuguzi alirudi, akayaona macho yao, akajifanya hakuyaona. Sindano iliingia juu ya paja. Sechelela hakutoa sauti, ila alikibana kidole cha dada yake mpaka kikafa ganzi. Muuguzi alipotoka tena, hakukiachia.

"Nenda kawaambie wale wa nje."

"Seche, wengine mimba zao bado changa. Wale sitakuwa nawaambia tu. Nitakuwa nawadhuru."

"Najua, umenieleza, nimekuelewa." Alijifuta pua kwa upindo wa kanga. "Lakini mimi wangu nitampakata nikijua ninampakata nani. Mama Chiwanga ana miaka mitano na wake, na hajui. Anadhani ni adabu. Anamchapa akijikojolea, dada. Hukulijua hilo, eti?"

Nyemo hakulijua. Alibaki amekaa mpaka aliporudishiwa kidole chake, kisha akainuka.

Ukumbini palikuwa na joto na minong'ono ya kawaida ya wanawake wanaosubiri, mmoja akilalamikia miguu kuvimba, wengine wakibishana kuhusu bei ya nyanya. Binti mmoja mdogo, tumbo lake halijajitokeza vizuri, alimwona Nyemo amesimama akadhani anatafuta pa kukaa. Akasogea, akakipangusa kipande cha benchi kwa kanga yake.

"Karibu, dada. Wewe ni wa kupimwa au wa kuchomwa?"

Alikuwa anatabasamu. Nyemo alikaa pale alipokaribishwa, akaitafuta sauti kubwa, ya kusikika mpaka nyuma.

"Naitwa Nyemo," alisema. "Natoka Kituo cha Viluwiluwi. Nimekuja kuwaambieni kitu kuhusu watoto wenu."

Minong'ono ilikatika. Kabla hajasema neno lingine, ukumbi mzima, kuanzia benchi la mbele hadi la mwisho, kila mwanamke aliweka mikono tumboni mwake.